Mtaa Usiouza Kitu

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Nesi wa kliniki ameniambia niandike. Mwanangu Bariki akibanwa pumzi, niandike ilikuwa saa gani, midomo ilibadilika rangi au la, na mimi nilikuwa nafanya nini. Amesema moyo wa mtoto una tundu, na matundu mengine hujiziba yenyewe mtoto akikua. Nimelishika hilo la kujiziba. Asikae kwenye moshi, asinyeshewe, asibebwe safari ndefu mgongoni. Nikamwuliza, "Sasa nesi, na mimi nitakula nini?" Akacheka, akasema, "Hilo nalo liandike."

Haya, naandika. Mimi ni Leonia, mke wa Feliksi anayebeba mizigo bandarini. Tunakaa Buzebazeba, nyumba ya pili kutoka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hamdani. Darasa la saba nilimaliza, mwandiko wangu ulisifiwa. Bariki ametimiza mwaka, bado hajasimama, lakini kicheko anacho cha mtu mzima.

Kinachotulisha ni dirisha. Feliksi alilipanua dirisha la chumba cha mbele akaweka ubao wa bawaba, asubuhi naushusha, jioni naupandisha. Juu ya ubao maandazi, chupa za mawese, chumvi ya Uvinza. Bariki namkalisha kwenye beseni lenye kanga, hapo hapo pembeni yangu. Wateja humsalimia yeye kwanza, mimi baadaye. Kwa hiyo nauza na mtoto namwona.

Jumatatu, 13 Oktoba

Hajabanwa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua ya kwanza. Imekuja na upepo kutoka ziwani, imeng'oa bati la choo cha Agnesi.

Agnesi ni jirani wa mbele, anauza dagaa mlangoni kwake. Amepata mpangaji, Bwana Elinipa, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Upareni. Asubuhi alisimama dirishani kwangu na mwavuli, akanunua maandazi mawili, akasalimia vizuri. Alipoondoka Agnesi akavuka mbio.

"Unajua ni nani huyo? Wa mipango miji. Ndio wanaochora alama nyekundu kwenye kuta za watu."

"Mbona mpole?"

"Mchinja kuku naye humshika kwa upole. Kesho mpe maandazi ya jana."

Nitampa ya siku hiyo hiyo. Lakini kwa hofu.

Jumamosi, 1 Novemba

Mwanamke alisimama dirishani asubuhi, kanga imelowa, miguu imevimba. Hakuomba. Alitazama unga wangu kwenye beseni akasema kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, "Mama, unga yako haijapumzika. Unaiharakisha."

Nikaona haya, maana ni kweli nilikuwa naharakisha. Nikamwambia apite nyuma.

Anaitwa Regina, amekimbia vita upande wa Fizi, Kongo. Siku ya kuvuka, boti lilijaa. Mumewe alimsukuma yeye apande, mume na binti yao wakabaki ufukweni wasubiri boti la pili. Mpaka leo. Wenzake wamepelekwa kambini. Yeye alishuka kwenye lori akarudi mjini, kwa sababu mumewe anajua atamkuta Kigoma. Hajui kambi ya Lugufu iko wapi.

Alikanda unga mpaka ukawa laini kama shavu. Hakukata pembe tatu kama sisi, aliviringisha mipira midogo kama ndimu. Yaliisha kabla ya saa nne.

Feliksi aliporudi nikamweleza. Alikula, akasema, "Leonia, tutafungwa." Kisha akamwekea Regina mkeka stoo.

Jumatano, 5 Novemba

Sasa Regina anapika nyuma uani, mimi niko dirishani na Bariki. Moshi haumfikii mtoto kabisa. Hajabanwa tangu Jumapili.

Regina ana mambo yake. Andazi la kwanza kutoka kwenye mafuta haliuzwi. Analiweka kwenye pembe ya ubao, upande unaotazama ziwani.

"La nani?"

"La bwana na mtoto. Batakuya na njaa, mama."

Jua likizama analikata, anakula mwenyewe taratibu, anasema, "Leo pia habakufika." Hasemi kwa kulia. Anasema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Leo alinimegea, nikala.

Jumatatu, 17 Novemba

Msako. Askari wamepita Kasingirima, kesho labda huku. Wanachukua wasio na kibali, na aliyewaficha naye anachukuliwa. Mzee Hamdani amepita nyumba kwa nyumba. Kwangu alisimama muda mrefu, akatazama yale maandazi ya mviringo, akanitazama mimi.

"Mwanangu, kuna mgeni humu?"

"Hakuna mzee."

"Ego, haya," akasema, akanunua matatu akaenda. Simwamini tena. Amezoea kupeleka habari juu.

Jumanne, 18 Novemba

Wamepita mtaa wa juu. Kwetu hawakufika. Mvua.

Ijumaa, 28 Novemba

Leo nimemwelewa Bwana Elinipa, na nimejuta vile nilivyomfikiria.

Mvua ilimnasa chini ya ukingo wa paa langu. Akawa anamchezea Bariki kidole, akaanza kueleza mwenyewe. Kwenye ramani ya mji, mtaa wetu umepakwa rangi ya makazi. Maana yake nyumba ni ya kuishi, biashara iende sokoni au barabara kubwa. Dirisha langu, dagaa wa Agnesi, cherehani ya Mzee Hamdani barazani kwake, vyote vinavunja sheria, na kuna wakubwa wanaotaka kuvifagia.

"Rangi ya kulala tu," nikasema.

"Ndiyo, ya kulala tu."

"Na nani Buzebazeba analala tu, kaka?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema ndicho anachopigania ofisini: mtaa uruhusiwe yote mawili, watu waishi na wauze vitu vidogo humo humo, bila mashine za kelele, bila kuziba njia. Kamati imegawanyika. Mwenyekiti wao amesema hawezi kuamua kwa ramani, atakuja mwenyewe aone kwa macho yake kama kweli watu wanaishi kwa hizo biashara.

"Akiona?"

"Akiona, dirisha lako litapewa kibali, mama Bariki. Litakuwa halali kama duka la barabarani."

Nilimpa andazi la bure. Nikamwambia Regina uani. Akasema, "Basi mtoto atakulia hapa dirishani," akaendelea kuviringisha.

Agnesi hakushawishika. "Mtu anayechambua samaki wa mgebuka kwa uma, utamwamini?"

Jumatatu, 8 Desemba

Wanakuja Alhamisi! Bwana Elinipa alimwambia Mzee Hamdani awaambie watu wajiandae. Mzee alituita barazani kwake, amefurahi, kofia mpya.

"Wageni wakubwa. Sitaki aibu. Mtaa ufagiliwe, mifereji izibuliwe, na hivi vitu vyenu vya kutandaza tandaza mviondoe. Mgeni wa serikali hapokelewi kwenye harufu ya dagaa."

"Dagaa wangu wananukia," akasema Agnesi.

"Wananukia kwako. Chini ya kitanda."

Tumekubaliana wote. Mgeni akija nyumbani unatoa kiti kizuri na kuficha masufuria. Hata mama yangu kule Kidahwe, katekista akija, alikuwa anafukuza kuku wote nyuma ya nyumba.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimechoka, lakini nimeridhika. Naandika yote.

Tuliamka kufagia kabla hakujapambazuka vizuri. Mvua ilikuwa imesimama, kama nayo imeambiwa. Agnesi alisukuma makapu ya dagaa chini ya kitanda, akachoma ubani. Mzee Hamdani alifunika cherehani kwa shuka na kuweka chungu cha maua juu yake. Mimi nilipandisha ubao, nikaufunga, nikatundika pazia la harusi yetu dirishani. Mtaa mzima ulikuwa mweupe. Sijawahi kuuona hivyo. Ungedhani ni mtaa wa makarani.

Regina nilimwingiza stoo pamoja na karai na beseni, nikafunga mlango kwa nje.

Walikuja na magari mawili. Mwenyekiti wa kamati ni mzee mnene, anatembea na mwavuli kama fimbo, ana macho ya kuchunguza. Nyuma yake mabwana wanne, na askari mmoja. Nilimwona yule askari. Nikasema ndio msako huu, wamekuja kwa njia ya mipango.

Walianza kwa Agnesi. Mwenyekiti akavuta pumzi. "Kuna biashara ya samaki hapa?"

"Hapana baba, tunapika."

Kwa Mzee Hamdani: "Mzee, wewe ni fundi?"

"Nilikuwa, mheshimiwa. Macho haya sasa."

Akafika kwangu. Nilikuwa mlangoni na Bariki kifuani, nimemvalisha sweta. Mwenyekiti akaligusa pazia kwa ncha ya mwavuli.

"Mama, hapa unauza kitu?"

Nilimtazama askari. Nikafikiria mlango wa stoo. Nikisema nauza, ataomba aone ninapopikia.

"Hapana mzee. Tunaishi tu."

"Dirisha kubwa hivi?"

"La hewa, mzee. Mtoto ana shida ya moyo."

Akamtazama Bariki, akamshika shavu, akasema pole. Mtu mwema. Akasema mtaa wetu ni wa mfano. Mzee Hamdani akakaribia kulia kwa furaha.

Bwana Elinipa tu ndiye hakuwa sawa. Alisimama nyuma yao, jasho linamtiririka na hakuna jua, ananitazama. Nadhani ana malaria. Nitampelekea uji.

Walipoondoka nilifungua stoo. Regina alikuwa amekaa na karai mapajani, gizani. "Bameenda?" "Wameenda." Tukacheka wote wawili tukashikana, mpaka Bariki akaanza kucheka na yeye.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Kanisa lilijaa, mvua ikapiga bati mpaka padri akanyamaza. Reli imekatika huko bara kwa mafuriko, ngano imekuwa shida. Regina amechanganya na muhogo. Si mabaya.

Jumatano, 14 Januari 1998

Ni Ramadhani, na jioni dirisha linajaa watu wa futari, hata Mzee Hamdani hutuma vitumbua. Tulikuwa katikati ya kuuza gari la matangazo likapita. Kamati imejiridhisha kwamba Buzebazeba ni mtaa wa makazi tulivu usio na biashara. Kwa hiyo utabaki hivyo. Madirisha, vibanda na meza za kuuzia kwenye makazi viondolewe ndani ya mwezi huu, atakayekaidi atavunjiwa.

Watu walisimama na bakuli mkononi. Mmoja akasema, "Mtaa usio na biashara? Sasa mimi hapa nimepanga foleni ya nini?" Hakuna aliyecheka.

Baadaye mgambo wakapita na rangi. Alama nyekundu iko chini ya dirisha langu, mkono mmoja wa X umefika mpaka kwenye ubao.

Alhamisi, 15 Januari

Nilimsubiri Bwana Elinipa asubuhi. Hakuja kununua, akawa anapita upande wa pili. Nikamwita kwa sauti mbele ya watu.

"Kaka, tumekukosea nini? Si ulisema wakiona watatoa kibali?"

Akavuka. Uso umemkonda.

"Wakiona, mama Bariki. Waliona nini?"

Nikaanza kupangusa ubao.

"Nilizungumza miezi miwili kwenye ofisi ile. Nikasema nyumba kwa nyumba watu wanaishi kwa madirisha. Nikawaleta. Wakakuta mapazia. Mwenyekiti aliniuliza kwenye gari, Elinipa, hizo biashara ulizoziona uliziota?"

"Mzee Hamdani alisema tujiandae."

"Mimi ndiye niliyemwambia awaambie mjiandae. Sikujua mtajiandaa hivyo. Kwetu..." akaishia hapo. "Ningesema wazi. Acheni kila kitu mahali pake. Maneno hayo tu."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Ningependa kumchukia Mzee Hamdani, lakini na mimi ndiye niliyetundika pazia. Niliogopa askari. Nilimficha Regina, nikajificha mimi mwenyewe, nikaficha na dirisha linalomlisha Bariki.

Mtoto amebanwa leo, saa nane mchana. Midomo ya kijivu. Kidogo tu.

Jumamosi, 31 Januari

Idi imepita kimya. Feliksi ameliziba dirisha kwa tofali za udongo. Alifanya polepole kama anayejenga kaburi. Ameacha tundu la juu la hewa. Ubao ameuweka stoo, Regina anaulalia.

Chumba cha mbele kina giza sasa. Bariki ananyoosha mkono kule kulikokuwa na watu, anangoja kusalimiwa.

Jumanne, 3 Februari

Naenda sokoni Mwanga na beseni kichwani. Siwezi kumbeba mtoto na beseni, na mvua hii. Anabaki na Regina ndani, mlango umefungwa. Regina anapika alfajiri, mimi nauza mchana kutwa. Nalipia ushuru wa kukaa chini.

Ijumaa, 6 Februari

Mvua. Yamelowa, sikuuza.

Jumanne, 10 Februari

Mvua. Nesi ameuliza daftari, nikamwambia siku hizi sijui amebanwa mara ngapi, siko nyumbani. Hakunisema. Ni afadhali angenisema.

Ijumaa, 13 Februari

Regina bado anaweka andazi la kwanza pembeni, sasa kwenye kigoda, gizani. Hakuna dirisha, lakini amekigeuza kigoda upande wa ziwa.

Alhamisi, 19 Februari

Nitaandika kama nilivyoelezwa na Agnesi, kwa sababu mimi sikuwepo.

Ilikuwa mchana, mvua ya upepo. Agnesi yuko ndani kwake. Akasikia mlango wangu unapigwa kutoka ndani. Mlango ule hufungwa kwa nje, na ufunguo nilikuwa nao mimi sokoni. Mimi. Nilifunga kwa ajili ya msako. Regina anapiga anaita, "Mama Agnesi, mtoto! Mtoto anakatika!"

Agnesi anasema alichukua shoka la kuni akavunja komeo. Regina akatoka na Bariki, mtoto amekuwa bluu, kichwa kimelegea. Agnesi akamwambia, "Nipe mimi nimpeleke, wewe rudi ndani, utakamatwa." Agnesi ana miguu mibovu, anajua na Regina anajua. Regina akamfunga mtoto kifuani, akafunika kanga, akakimbia. Mchana, barabarani, mbele ya watu wote, mwanamke aliyekaa miezi bila kutoa pua nje.

Agnesi anasema hajawahi kuona mtu anakimbia vile kwenye tope. Watu walitoka barazani. Mzee Hamdani alikuwa anatoka msikitini. Alimwona, akamtambua, akapiga kelele, "Mpisheni! Mpisheni njia!" Akasimamisha baiskeli ya mtu kwa mwili wake, akampandisha Regina nyuma, akamwambia mwendeshaji, hospitali.

Walifika. Walimpokea mtoto, wakamwekea hewa. Regina alikaa kwenye benchi la nje, miguu imejaa damu na matope. Daktari akauliza jina la mama. Regina akajibu kwa Kiswahili chake. Askari wawili walikuwa getini kwa mambo mengine kabisa. Wakasikia.

Mimi nilifikiwa na habari sokoni saa kumi. Beseni niliacha pale pale, sijui nani amelichukua. Nilipofika mtoto yuko na mpira puani, anapumua, macho yanazunguka ananitafuta. Nikamwuliza nesi, yuko wapi mwanamke aliyemleta?

Nesi akasema, "Alikuwa hapo." Akaonyesha benchi. Kulikuwa na alama za nyayo kwenye sakafu, na maji.

Ijumaa, 20 Februari

Feliksi hakwenda kazini. Alikwenda kituo, wakamwambia lori limeshaondoka na wote waliokusanywa, linakwenda Lugufu. Akaazima baiskeli akalifuata. Alilikuta Kidahwe, barabara imeliwa na maji, limekwama, watu wamewekwa pembeni chini ya turubai. Akaita, "Regina!" Wanawake watatu wakageuka. Hakuna aliyekuwa yeye. Wakamwambia kulikuwa na lori jingine mbele, limeshavuka. Wengine wakasema lile la mbele halikwenda kambini, liligeuzwa kwenda bandarini, warudishwe kwao. Hajui. Sijui.

Amerudi amelowa, amekaa kwenye giza la chumba cha mbele. "Nilisema tutafungwa," akasema. "Kumbe kufungwa kungekuwa afadhali."

Jumatatu, 23 Februari

Bariki ametoka hospitali. Daktari amesema angechelewa kidogo tusingekuwa naye. Nimeandika ili siku moja asome. Bariki, ulibebwa na Regina.

Alhamisi, 5 Machi

Mzee Hamdani amekuja, amekaa chini kwenye mkeka, hakutaka kiti.

"Mwanangu, nilijua siku nyingi. Ndimu zile zisingekuwa zako. Wewe maandazi yako yana pembe."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Ningemwambia nani?" Akapangusa macho kwa kofia. "Niliogopa aibu. Mimi mtu mzima nimewaogopa wageni mpaka nikaficha cherehani inayonilisha. Kesho nakwenda ofisini na wazee wenzangu. Nitasema tulidanganya."

"Watakucheka."

"Wacheke."

Jumanne, 10 Machi

Alikwenda na wazee na Bwana Elinipa. Agnesi anasema Mzee alisimama mbele ya mwenyekiti akasema, "Mheshimiwa, mimi ni fundi. Macho yangu ni mazima. Nilikudanganya nikiwa na ua juu ya cherehani." Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema watakuja tena, lakini safari hii hawatasema siku.

Bwana Elinipa alipita jioni. "Mnaelewa? Hawatasema siku. Na amri ya kufunga bado ipo. Mgambo wanaweza kuja kwanza."

Mzee Hamdani akajibu kabla yetu. "Fungueni. Mgambo wakija, waanze na mimi."

Jumatano, 11 Machi

Feliksi ameondoa tofali. Mwanga ulipoingia Bariki alifumba macho, akayafumbua, akacheka. Ubao umerudi. Alama nyekundu nimeiacha.

Jumatatu, 16 Machi

Mgambo. Wamemwaga dagaa wa Agnesi mtaroni, wameondoka na cherehani. Kwangu walipiga ubao teke, bawaba moja imevunjika. Feliksi ameufunga kwa kamba. Tumefungua tena. Agnesi ameokota dagaa mmoja mmoja, anaimba kwa hasira.

Jumanne, 24 Machi

Naulizia habari za Regina kwa kila anayetoka Lugufu. Hakuna anayemjua. Mvua imepungua.

Alhamisi, 2 Aprili

Wamekuja leo.

Nilikuwa peke yangu, unga mikononi, Bariki kwenye beseni lake. Moshi upo nyuma uani, nakimbia kugeuza, narudi kuuza, nakimbia tena. Wateja wamezoea kungoja. Nikasikia gari, nikadhani mgambo, nikashika ubao kwa mikono miwili.

Alikuwa mwenyekiti na mwavuli wake, na Bwana Elinipa nyuma, na askari yule yule. Hakuna aliyefagia. Agnesi amekaa katikati ya dagaa, nzi tele. Mzee Hamdani anashona kwa mkono kwa sababu cherehani haipo. Kuku wanapita.

Mwenyekiti akasimama mbele ya ubao.

"Mama. Safari ile uliniambia mnaishi tu."

"Ndiyo mzee. Tunaishi kwa hivi."

"Unauza?"

"Nauza. Maandazi, mawese, chumvi. Sokoni siwezi, kwa ajili ya huyu."

"Nani anakusaidia?"

Askari alikuwa amesimama pale pale aliposimama Desemba. Nikamtazama usoni. Hakukuwa tena na kitu cha kuficha nyumbani kwangu.

"Hakuna. Napika peke yangu."

Mwenyekiti akatazama uani, akaona moshi, akatazama wateja waliojipanga, akamtazama Bariki. Akamgeukia Bwana Elinipa. "Andika. Biashara zipo, na watu wanazitegemea. Mtaa huu upewe matumizi yote mawili. Cherehani ya mzee irudishwe leo." Bwana Elinipa akaandika. Agnesi akapiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo.

Mwenyekiti akatoa pochi. "Na mimi niwe mteja. Nipe lile la pembeni, limeiva vizuri."

Lilikuwa kwenye pembe ya ubao, upande wa ziwa. La mviringo. Najitahidi kuviringisha, la kwanza tu huwa linakaa sawa.

"Hilo siuzi, mzee."

Bwana Elinipa akakohoa. Agnesi akanikonyeza sana. Kibali bado ni wino mbichi na mimi namkatalia mkubwa andazi.

"Kwa nini? Si umesema unauza?"

"Mengine yote nauza. Hilo lina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Sijui, mzee. Alimbeba mwanangu hospitali, akachukuliwa pale."

Askari akatazama chini. Mwenyekiti akasimama kidogo, akakunja mwavuli ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Akachukua lenye pembe, akalipia, akala amesimama pale pale dirishani mpaka likaisha.

Jioni Mzee Hamdani amesikika akishona, mashine inalia mtaa mzima. Sijaupandisha ubao mapema. Jua lilipogusa maji nikalikata lile la pembeni, nusu yangu, nusu ya Bariki. Akalitafuna kwa meno yake manne, anatazama kule ninakotazama.

Nikamwambia, "Leo pia hakufika."